Gesi hulala chini

Boti imefunga kamba bandarini Goma tangu asubuhi, na mzigo wa kwenda Bukavu haujaanza kupakiwa. Siku ya namna hii ni ya kusafisha jiko la gesi. Safari ikishaanza halipoi: mabaharia wanataka bugali, abiria wanataka chai, na tukikaribia kisiwa cha Idjwi usiku hakosi mama wa kuniomba maji moto ya mtoto.

Adui wa kwanza ni mafuta ya kukaangia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Yanaruka kutoka kwenye karai na kuganda kwenye vichwa vya jiko. Maharagwe yakifurika juu yake, matundu yanaziba kabisa. Moto wenyewe utakuambia. Ulio mzima ni wa buluu, mfupi, umetulia. Ukigeuka manjano na kupaka sufuria masizi, gesi haipati hewa ya kutosha, na ndani ya chumba kidogo kama changu moto huo unatoa monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na harufu. Baridi ya ziwa huwafanya watu watake dirisha lifungwe. Mimi silifungi, wanung'unike wanavyotaka.

Nafunga koki ya mtungi kwanza na kuuacha moto umalize gesi iliyobaki kwenye mpira. Jiko likipoa, vichwa vinalowekwa kwenye maji moto na sabuni, vinasuguliwa kwa mswaki wa zamani, kila tundu linapitishwa waya mwembamba. Ila kile kitundu cha shaba kinachotemea gesi hakiguswi na waya wala sindano. Kikipanuka kidogo tu, gesi inazidi hewa na masizi yanarudi. Hicho nakiloweka, nakipuliza, kisha nakielekeza juani mpaka nione nukta ya mwanga.

Kinachonikosesha raha zaidi ni mpira. Injini inatikisa boti usiku kucha na vibanio vinalegea. Nimefungua koki huku vichwa vimefungwa, nikapaka povu la sabuni kote. Karibu na mtungi kipovu kimoja kikavimba polepole, kikapasuka, kikazaliwa kingine palepale. Nilipoukunja mpira hapo, nyufa zikafunguka. Huo hauzibwi kwa utepe, unatupwa. Nimeweka mpya na kupaka povu tena. Na kiberiti hakitumiki kutafutia uvujaji, hata mtu awe na haraka kiasi gani.

Baharia kijana aliyekuwa ananishikia tochi akasema, "Yaya, si dirisha liko wazi? Itatoka yenyewe." Nikamwambia, "Mdogo wangu, dirisha liko juu. Gesi hii iko chini ya miguu yako."

Sisi watu wa Goma tungekuwa wa kwanza kulielewa hili. Mazuku tunayajua: hewa ya ukaa inatoka ardhini, inalala kwenye mashimo ya mawe ya volkano, na mbuzi anayeshuka kutafuta majani hapandi tena. Gesi ya mtungi nayo hushuka. Propani ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara 1.5, butani karibu mara 2. Ndani ya boti inatafuta ngama, kule chini maji yanakojikusanya, na pampu ya kuyatoa ina swichi. Cheche moja inatosha. Wengi wanaichanganya na metani ya Ziwa Kivu, ile wanayoizalishia umeme wa megawati 26 upande wa Rwanda, pale Karongi. Metani ni nyepesi, inapanda. Ukinusa gesi botini, funga koki, zima moto wote, fungua vifuniko vya ngama, na usiguse swichi yoyote mpaka hewa ibadilike.

Jioni nimezungumza na kapiteni. Mtungi utahamia nje kwenye sitaha, wima, umefungwa kwa kamba ndani ya sanduku la chuma lenye tundu chini, upande wa majini, ili kinachovuja kimwagikie ziwani. Fundi wa kuchomelea anakuja kesho. Mtungi nitaushusha gatini kabla hajawasha mashine yake.