Udongo wa Mbooni katika Bahari ya Malindi

Kila masika, maji ya bahari yetu hapa Malindi hugeuka rangi ya matofali kuanzia mlango wa mto Sabaki. Mtaani husemwa tu kwamba mto umeshuka, nami kwa miaka mingi sikuuliza umeshuka na nini. Sabaki ni jina la mwisho la mto huo; kabla yake huitwa Galana, na juu zaidi ni Athi, unaopokea maji ya Thwake kutoka upande wa vilima vya Mbooni, Ukambani.

Huko Mbooni ndiko nilikokaribishwa na mama mzazi wa rafiki yangu. Mimi niliyezoea ardhi tambarare nilishuka shambani kwake nikishikilia migomba, huku yeye akitangulia na kiondo mgongoni, mshipi wake ukiwa kipajini. Jioni tulikula muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na hapo ndipo aliponieleza kazi ya fanya juu. Mtaro huchimbwa kwa kuukata mteremko kwa usawa, na udongo wake hurushwa upande wa juu uwe tuta, ambalo hupandwa mabingobingo ili mizizi ilishike na majani yalishe ng'ombe. Mvua inaponyesha, udongo unaoporomoka hukwama nyuma ya tuta, hata baada ya miaka kadhaa kilima kikawa ngazi za mashamba yaliyokaribia kuwa sawa. Kuurusha chini kungekuwa rahisi zaidi, lakini tuta likikaa chini ya mtaro ngazi hazijengeki vizuri. Kwa kuwa kazi ni nzito, majirani huifanya kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule, katika vikundi viitwavyo mwethya.

Mmomonyoko huo umewahi kuzua siasa. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni, ikidai kwamba mifugo mingi ndiyo iliyoharibu ardhi, ilitwaa ng'ombe wa Wakamba, nao wakiongozwa na Muindi Mbingu wakaenda Nairobi kupinga. Nionavyo mimi, jembe la mwethya limeifaa ardhi ile kuliko amri ile.

Tuta moja la mama lilikuwa limebomoka. Nilimwambia kwamba udongo ule hutufikia sisi, na niliporudi nikamtumia mwanawe picha ya bahari iliyotiwa wekundu. Mama alijibu kwa swali moja tu: je, huko kuna anayepanda mahindi ndani yake?