Manesi wapya wafundishwe wodini, projekta ipumzike

Nesi aliyetoka chuo juzi, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga anayo, ukimkalisha masaa mawili mbele ya slaidi unamchosha tu. Hizo nadharia keshazisoma na mitihani kafaulu. Kinachomsumbua ni kuamua, naiti wodi imejaa, huku dripu imeisha, kule mama analalamika kichwa na macho hayaoni vizuri, aanze na nani?

Mi napenda robo saa baada ya ripoti ya asubuhi. Chukua kisa kimoja cha kweli, jina la mgonjwa toa. Mfano mama wa kifafa cha mimba yuko kwenye magnesiamu (dawa ya kuzuia degedege) ya kuchoma kwenye msuli, masaa 4 yametimia, dozi nyingine imefika. Waulize: mnachoma au hamchomi? Halafu nyamaza, kunyamaza ndo kazi ngumu kuliko zote hapo. Mmoja atasema achome maana muda umefika, mwenzie atasema ngoja kwanza tumpime, watabishana weee mpaka wafike wenyewe: pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, goti likigongwa mguu uruke, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana dozi inasimama, daktari anaitwa, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuzima magnesiamu ikizidi mwilini, iwe jirani. Kitu alichokibishania hivyo kitamrudia usiku akiwa peke yake.

Na mtu asiniambie haya ni ya Ulaya. Pale hospitali ya Haydom, Manyara, mwaka 2010 walifundisha wahudumu kusaidia vichanga kupumua, kozi ya siku moja, na kwenye doli la mazoezi watu wakafanya vizuri kabisa lakini leba kwenyewe mambo hayakubadilika. Baadae wakaanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, na vifo vya vichanga ndani ya masaa 24 vikapungua. Kwangu hilo ni kubwa sana, maana ni watu walewale na doli lilelile, kilichobadilika ni wapi na mara ngapi.

Zoezi likiisha usikimbilie kusahihisha. Mwachie nesi mwenyewe aanze kusema ameona nini, alikwama wapi, safari nyingine angependa nani awe amemshikia nini. Na tafadhali sana dada zangu mnaofoka mbele ya wagonjwa, yule mdogo wetu akishaogopa hatauliza tena, na akiacha kuuliza anayeumia ni mgonjwa.

Najua tutaambiana watu hatutoshi, ni kweli, Dar leba zinajaa. Ndo maana nasema robo saa, hapohapo wodini, bila posho wala ukumbi. Mainchaji, yaani wasimamizi wa wodi, naomba moja tu, doli likae leba mahali kila shifti inalifikia, lisifungiwe kwenye kabati la ofisi.