Siku Moja Maishani Mwangu: Deki ya Zamani, Kompyuta Mpya

Saa 2 asubuhi. Kompyuta mpya iko mezani, ya zamani iko pembeni yake na bado inawaka. Kazi yangu ni kuhamisha video kutoka kwenye kanda na kuziingiza kwenye diski: harusi, mahafali, mahojiano na wazee ambao wengine hawapo tena. Kompyuta ya zamani inatumia Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuipa masasisho ya kawaida ya usalama Oktoba 2025, na haina vigezo vya kupokea Windows 11. Siku ya leo yote ni ya kuhama. Hakuna kanda ya mteja itakayoguswa mpaka nijiridhishe.

Watu wengi wakisikia hivyo hufikiria kompyuta kwanza. Mimi nafikiria deki, yaani mashine ya kuchezea kanda. Funai ya Japani, iliyotajwa kuwa kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS (zile kanda kubwa za video za zamani), iliacha Julai 2016. Kila saa ambayo deki inazunguka, vichwa vyake vinalika, na kanda yenyewe inachakaa. Ndiyo maana nina kanda moja ya majaribio: naijua picha yake kila dakika, na ina mtu anayepiga makofi mara moja mwanzoni na mara moja mwishoni. Hayo makofi yatanifaa baadaye.

Saa 2 na nusu. Kabla ya kuchomoa waya wowote, napiga picha kila ukurasa wa mipangilio kwenye kompyuta ya zamani: toleo la draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa), kodeki (namna ya kubana video), ukubwa wa picha 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde (fremu ni picha moja moja zinazounda video), sauti ya 48 kHz. Nanakili pia mafaili ya kusakinishia draiva na namba za leseni za programu. Watengenezaji wa vifaa hivi wengi wamefunga kazi au wameondoa kurasa za kupakulia, kwa hiyo nakala iliyo mkononi ndiyo nakala pekee.

Saa 3 na nusu. Kadi ya zamani ya FireWire, tundu la kuunganishia kamera za video, ilikuwa ya PCI, aina ya zamani ya nafasi za kadi, na ubao wa kompyuta mpya una nafasi mpya za PCI Express tu. Nilishatafuta kadi ya PCI Express yenye chipu ya Texas Instruments, ambayo imezoeana na kamera nyingi. Naifunga, naizima kamera ya MiniDV (inayotumia kanda ndogo za kidijitali) kabla ya kuchomeka waya (plagi ikiingia vibaya huku kuna umeme, tundu la kamera linaweza kuungua), kisha nawasha. Windows 11 inaiona kadi, lakini kamera haionekani kabisa.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kuchukua njia ya mkato: wanatoa waya wa njano wa picha na wa sauti kwenye kamera na kuziingiza kwenye kifaa cha USB cha kunasia video. Tafadhali usifanye hivyo kama una namna nyingine. MiniDV tayari ni data ya kidijitali. FireWire inainakili jinsi ilivyo, kiasi cha GB 13 kwa saa, bila kupoteza kitu. Njia ya mkato inaigeuza kuwa mawimbi ya analogi halafu inairudisha kuwa dijitali, na picha inaharibika bila sababu. Dawa yenyewe ni ndogo: draiva ya zamani ya 1394 (jina jingine la FireWire), ile yenye neno Legacy kwenye jina lake. Tangu Windows 8 haiji na mfumo, inabidi uipakue na kuichagua kwa mkono. Nikaichagua, na kamera ikatokea. Nabonyeza kitufe kwenye skrini, kanda inaanza kuzunguka ndani ya kamera. Furaha yake siizoei. Wenye Mac wana hali ngumu zaidi, maana macOS Tahoe ya 2025 imeondoa kabisa FireWire, na adapta haisaidii.

Saa 5. Zamu ya kifaa cha USB cha kunasia VHS. Draiva niliyokuwa nikiitumia ni ya biti 32. Programu ya biti 32 bado inafanya kazi kwenye Windows ya biti 64, lakini draiva ya biti 32 haiwezi, na Windows 11 haina toleo la biti 32. Draiva ya kwanza ya biti 64 kwenye hazina yangu inazuiwa na ulinzi wa kumbukumbu wa Windows, unaokataa draiva zisizo salama. Mtandaoni utashauriwa uzime ulinzi huo. Kwenye kompyuta iliyounganishwa na intaneti sikubali. Toleo la baadaye la draiva ileile, lililosainiwa ipasavyo, linapita.

Picha ni nyeusi. Taa ya kifaa inawaka, deki inazunguka, waya uko sawa. Nafungua mipangilio ya faragha: Windows inakihesabu kifaa cha kunasia kama kamera, na ruhusa ya kamera imezimwa. Naiwasha, picha inakuja bila sauti. Sauti nayo iko chini ya ruhusa ya maikrofoni. Hakuna ujumbe wowote wa kukueleza haya.

Saa 8 mchana. Jaribio la saa nzima, yaani fremu 90,000. Video hii bila kubanwa ni kama MB 21 kwa sekunde, na USB 2.0 inaibeba bila shida. Hata hivyo kihesabuji kinaonyesha fremu zilizodondoka, yaani zilizopotea njiani. Naizuia Windows isizilaze tundu za USB ili kuokoa umeme, naitoa folda ya kunasia kwenye ukaguzi wa kinga ya virusi, nahamisha waya kutoka kwenye habu hadi kwenye tundu la kompyuta yenyewe. Narudia. Sifuri.

Katikati simu inaita. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, kanda yangu vipi?" Namwambia ipo salama, haijaguswa, naandaa mahali pake.

Saa 11 jioni. Makofi ya mwanzo yanalingana na mikono, ya mwisho yamechelewa. Sauti ilikuwa ikipitia kadi ya sauti ya kompyuta, ambayo saa yake haiendi sawa na ya kifaa cha kunasia. Naipitisha kwenye kifaa chenyewe, nanasa tena, na makofi yote mawili yanakaa mahali pake.

Saa 1 usiku. Nazuia Windows isibadilishe draiva yenyewe, kisha natengeneza nakala kamili ya diski ya mfumo. Kompyuta ya zamani naitoa kwenye intaneti lakini siiuzi. Itabaki kuwa akiba mpaka mpya imalize shehena ya kwanza ya kanda. Kesho ya kwanza kuingia ni ya yule mama.