Hamira kwenye nyuzi 39

Picha za leo za hadubini zimetoka safi, bado nazitazama.

Hamira iliyokuzwa kwenye nyuzi 25 imechanganywa na lishe ya nyuzi 53, ujazo sawa. Papo hapo inafika kama 39. Ukiipasha polepole unapitwa, maana mambo yote huanza ndani ya dakika chache.

Hsf1, protini inayoamsha jeni za kujihami na joto, inajikusanya vitonevitone ndani ya kiini cha seli. Jeni ilizozishika zinasogezwa pamoja.

Jeni ya HSP104 iko kromosomu ya 12.
HSP12 iko ya 6.
Na zinakutana!

Saa moja baadaye zimeshaachana kwa sehemu kubwa, ingawa joto halijashushwa. Hapo ndipo ninapostaajabu.

Wanabiolojia wenzangu, sampuli zenu mnazigandisha kwa fomaldehidi, kemikali ya kukaza seli zibaki zilivyo, dakika ya ngapi?