Mishale Miwili Katika Kibao Kimoja

Katika michezo ya video ya kucheza kwa miguu, mchezaji hukanyaga vibao vya pedi kwa kufuata mishale inayopanda skrini pamoja na wimbo, na mpangilio wa mishale hiyo ndio huitwa chati ya hatua. Chati ya hatua hutaja mshale, lakini haitaji mguu. Katika faili linalosomwa na StepMania, programu mojawapo ya mchezo huo, kila safu ya chati ya vibao vinne ni tarakimu au herufi nne tu, zinazofuatana kwa mpangilio wa kushoto, chini, juu na kulia, ambapo 1 ni mshale wa kukanyaga na 0 ni nafasi tupu. Hakuna mahali pa kuandika kwamba mshale huu ni wa mguu wa kulia na ule ni wa mguu wa kushoto. Mwandishi wa chati huuongoza mwili wa mchezaji kwa kutegemea desturi moja ya wachezaji waliokomaa, yaani kupishanisha miguu, huu kisha ule, bila mguu mmoja kukanyaga mara mbili mfululizo isipokuwa pana sababu. Desturi hiyo niliifahamu, na nilikuwa nimeshaandika chati kadhaa kwa kuitegemea, kabla ya jioni ambapo dada mmoja aliyenitangulia sana katika mchezo huu alipanda kwenye pedi na kuicheza chati yangu huku nikimtazama miguu.

Tulikuwa tumelelewa na mitindo miwili tofauti. Kampuni ya Konami walipoutoa mchezo wa Dance Dance Revolution mwaka 1998, chati zote ziliandikwa na watengenezaji wenyewe. StepMania, programu huria iliyoanza mwaka 2001, iliwapa wachezaji wengi uwezo wa kuandika chati zao kwa wimbo wowote waupendao. Kisha mwaka 2004 ukaja mchezo mwingine wa aina hiyo, In the Groove wa Roxor Games, ukaleta mabomu ambayo mchezaji hutakiwa kuyakwepa, pamoja na safu zenye mishale mitatu kwa mpigo mmoja zinazomlazimu kuinama na kutumia mkono. Kuanzia hapo waandishi wakaenda kila mmoja na njia yake. Wako waliopenda mifululizo mirefu ya mishale inayopima pumzi na mapaja, ambamo miguu hukimbia dakika nzima bila kituo, na wako waliopenda mizunguko ya mwili, kubadilisha miguu na midundo iliyovunjika. Dada huyo alitoka katika kundi la pumzi, nami nilikuwa wa mizunguko. Sijawahi kukubali kwamba mtindo mmoja ni duni kuliko mwingine, ila naamini mfululizo mrefu husamehe mengi kwa mwandishi, kwa sababu mchezaji anayekimbia hana nafasi ya kuuliza kwa nini mshale huu uko hapa na si pale.

Wimbo niliokuwa nimeuandikia ulikuwa na mapigo 150 kwa dakika. Kwa mwendo huo pigo moja huchukua sekunde 0.4, na mishale inayoangukia kila nusu ya pigo huja mitano kwa sekunde, kasi ambayo mguu huweza kuifuata na macho yakapata bado muda wa kusoma. Tulianza kwa kurekebisha ofseti, yaani kuilinganisha chati na sauti ya wimbo, kazi isiyo na maelezo mengi lakini isiyokwepeka: ikiwa chati imetangulia au imechelewa kwa milisekunde chache tu, mchezaji mzuri huhisi kwamba mtu mwingine anamkokota, na hakuna uzuri wa mpangilio unaoweza kuifunika kasoro hiyo.

Sehemu niliyoijali kuliko zote ilikuwa katika ubeti wa kwanza. Sauti ya mwimbaji inashuka, halafu yanasikika makofi mawili, halafu ngoma moja nzito, na baada yake wimbo unapumua kwa mapigo mawili. Niliandika mishale minne: kushoto, chini, chini tena, kulia. Moyo wa sehemu hiyo ni ile mishale miwili ya chini. Nilikusudia mchezaji aanze na mguu wa kushoto, akanyage chini kwa mguu wa kulia, kisha auondoe haraka ili mguu wa kushoto uchukue nafasi yake katika kibao kilekile, na mguu wa kulia umalizie kwenye kibao chake cha kulia, mwili ukiwa bado unaitazama skrini. Miguu miwili katika kibao kimoja, mmoja ukiupisha mwingine, ndicho kitu nilichokuwa nimekisikia katika makofi hayo tangu siku ya kwanza.

Dada alifika hapo akafanya jambo jingine. Mguu wake wa kulia ulikanyaga chini, ukanyanyuka kidogo, ukakanyaga chini tena. Kisha mguu wa kushoto ukapita mbele yake hadi kibao cha kulia, kiuno kikageuka, bega la kushoto likaielekea skrini. Mishale ilikuwa ileile minne, hakupoteza hata mmoja, hukumu zote za programu juu ya wakati wa kukanyaga zilikuwa za daraja la juu kabisa, lakini ngoma aliyoicheza haikuwa niliyoiandika. Nilipoitazama mara ya pili niliona kwamba ilikuwa nzuri, na kwamba hakuna chochote ndani ya faili kilichomkataza.

Alipomaliza wimbo nikamuuliza, "Dada, pale kwenye makofi, mbona umerudia mguu?"

"Kwani wewe ulitaka nibadilishe?"

"Nilitaka ubadilishe, umalize ukiwa unaitazama skrini."

Akajifuta jasho, akafikiri kidogo. "Mdogo wangu, mimi nasikia kofi moja limepigwa mara mbili. Sauti ikiwa moja, mguu ni mmoja."

Jibu hilo lilinishughulisha, kwa maana kanuni aliyoitaja ndiyo kanuni yangu mwenyewe. Sauti inayojirudia hustahili mguu unaojirudia, na sauti mbili tofauti hustahili miguu miwili. Mwandishi yeyote wa mtindo wa mizunguko angekubali hivyo. Basi tofauti yetu haikuwa katika kanuni bali katika kile tulichosikia. Nikachukua hedifoni zangu, nikampa, nikaurudisha wimbo nyuma. Akasikiliza akiwa amefumba macho, kisha akafumbua akacheka. Katika hedifoni kofi la kwanza linatoka sikio la kulia na la pili linatoka sikio la kushoto, kama watu wawili waliosimama pande mbili za chumba, ilhali spika za televisheni aliyokuwa akichezea ziliyachanganya yote mawili yakawa sauti moja. Nilikuwa nimeuandika wimbo wote nikiwa na hedifoni kichwani, naye alikuwa akiucheza kama wengi wanavyocheza, sauti ikitoka mbele na mashabiki wakiongea nyuma.

Hapo ndipo tulipoanza kuzungumzia bomu. Ni desturi ya waandishi wengi kuweka bomu la kibao kilekile, kati ya mishale miwili, kuwa ishara kwamba mguu wa kwanza uondoke na mwingine uingie. Mguu unaobaki juu ya kibao bomu linapopita hupoteza alama, na hata mchezaji mwepesi anayeweza kuunyanyua mguu na kuurudisha huielewa ishara anapoliona bomu likipanda skrini. Kwa sehemu yangu, safu zingekuwa 1000, kisha tupu, kisha 0100, kisha 0M00, kisha 0100, kisha tupu, kisha 0001, ambapo M ni bomu. Herufi moja ingetosha kumaliza mjadala.

Hata hivyo nilisita. Siyapendi mabomu ya mapambo, yale yanayotawanywa pembeni mwa mishale bila sauti yoyote kuyaita, na nilihofia kwamba bomu langu lingekuwa amri tupu kwa mtu asiyeweza kusikia sababu yake. Dada naye alisita kwa sababu nyingine. Alisema kwamba akiona bomu ataninyenyekea, lakini kile kiuno kilichogeuka kilimpendeza, na hakutaka kukiacha kwa ajili ya makofi ambayo kwenye spika zake hayana pande mbili.

Wimbo ulikuwa haujazimwa katika hedifoni wakati tukibishana. Ghafla akanyanyua mkono kunizuia nisiendelee kusema, akasikiliza, akanipa hedifoni. "Sikiliza ubeti wa pili. Hapa yako katikati." Nikasikiliza. Ni kweli: katika ubeti wa pili mtengenezaji wa wimbo aliyaleta makofi yote mawili katikati, hayana tena kulia wala kushoto, na juu yake mwimbaji anaongeza silabi mbili pale ambapo ubeti wa kwanza ulikuwa umepumua. Nilikuwa nimezisikia silabi hizo mara nyingi, na niliziacha bila mishale kwa kuwa nilitaka beti mbili zifanane kwenye chati.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya dakika chache. Katika ubeti wa kwanza niliweka bomu, kwa sababu sauti inaliita. Katika ubeti wa pili niliiacha mishale miwili ya chini bila bomu, ili mguu urudie na mwili ugeuke, na kwa zile silabi mbili niliongeza chini na kushoto, ili yule aliyegeuka apate njia ya kurudi: mguu wa kulia unakanyaga pale ulipo, wa kushoto unarejea nyumbani kwake. Mtu anayecheza kwa spika hataweza kusema kwa nini sehemu mbili zinazosikika karibu sawa zinamtembeza kwa namna mbili, lakini miguu yake itakuwa imeifuata tofauti iliyomo ndani ya wimbo, na kwangu hilo ndilo lengo la chati yenyewe.

Dada alipanda tena kwenye pedi. Kwenye bomu alibadilisha mguu kwa wepesi ambao sikuutarajia kwa mtu wa mifululizo mirefu, na kwenye ubeti wa pili aligeuka, akarudi, akaingia katika kiitikio bila kutafuta mguu wa kuanzia. Kabla sijalituma faili nilimwandika pamoja nami katika mstari wa CREDIT, unaotaja waandishi wa chati, na ikabaki namba ya ugumu peke yake. Mimi niliipa 9, kwa kuwa mishale haina msongamano mkubwa. Yeye alisema 10, akidai kwamba kugeuza mwili na kubadilisha miguu ni kazi inayostahili kuhesabiwa hata kama pumzi haikatiki, na ilinifurahisha kuisikia hoja hiyo ikitoka kwa mtu wa kundi lake. Tuliandika 10.