Moldi ya Beseni

Miaka hiyo nilikuwa injinia wa uzalishaji katika kiwanda kimoja cha plastiki kando ya Barabara ya Pugu, Dar es Salaam. Tulitoa ndoo, beseni na majagi. Kubadilisha moldi, lile umbo la chuma linaloipa plastiki sura yake, kulikula nusu ya shifti, kwa hiyo ya ndoo ikishafungwa, meneja hakutaka kusikia habari ya kuitoa mpaka godauni lifurike. Wateja wa Kariakoo wanalilia beseni, sisi tunawarundikia ndoo.

Bosi akanituma nikaangalie mafundi wanazembea wapi. Nikashuka na daftari na saa. Vibarua waliponiona wakanyamaza kimya, maana walishazoea: injinia akipima muda, wiki inayofuata kuna majina yanabandikwa getini. Fundi mkuu, mtu mzima aliyezeekea kwenye mashine zile, aliitikia shikamoo yangu huku akijifuta grisi kwa tambara.

"Injinia, mwanangu," akasema, "hiyo saa ungeanza nayo stoo."

Nikamsikiliza. Mashine ikazimwa, ndipo kijana akatumwa kuchukua spana. Mtunza stoo akadai fomu yenye saini ya supavaiza, na supavaiza yuko chai. Spana zilipofika, winchi ilikuwa upande wa pili inashusha magunia ya punje za plastiki. Moldi ya beseni yenyewe imelaliwa na nyingine mbili, njia zake za maji zimeziba kutu, fundi anazichokonoa kwa waya. Halafu boliti: kila moldi ina unene wake, basi kila moja na boliti zake na rundo la washa. Mwisho, rangi. Tulikuwa tumetoka ndoo nyekundu tunaingia beseni nyeupe, na mashine ikatapika mabonge ya waridi, bonge baada ya bonge, kabla weupe haujatulia.

Jioni nikajumlisha. Kazi ya spana yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko ile chai ya supavaiza.

Chuoni tulisomeshwa habari za Shigeo Shingo, Mjapani aliyeitwa Toyota mwaka 1969 kushughulikia presi, mashine ya kukandamizia bati, ya nguvu ya tani 1,000 iliyochukua saa 4 kubadilishwa moldi. Alitenga kazi zinazoweza kufanyika mashine ikiendelea na zile ambazo lazima isimame. Muda ukashuka hadi dakika 90, baadaye dakika 3. Nasi tukafanya hivyo hivyo kwa uwezo wetu. Moldi inasafishwa na kusogezwa mapema, spana ziko kwenye toroli ubavuni mwa mashine, rangi zinaanza na nyeupe na kuishia na nyeusi.

Lakini kilichookoa muda mwingi zaidi kilikuwa cha yule mzee: kuchomelea vipande vya chuma kwenye moldi nyembamba, zote zibanwe kwa boliti za urefu mmoja. Alikuwa amekiomba kwa mdomo miaka nenda miaka rudi. Mimi niliandika tu ombi lile lile nikaweka hesabu ya shilingi zinazopotea kila saa mashine ikilala. Meneja akasaini siku hiyo hiyo. Ndiyo kazi ya injinia ninavyoielewa mimi, na sioni aibu kusema hivyo.

Mtunza stoo ndiye aliyegoma mpaka dakika ya mwisho. Spana zikitoka moja kwa moja, zikipotea nani atalipa? Tukazipiga rangi nyekundu, toroli ikafungwa mnyororo kwenye nguzo, na ufunguo akapewa fundi mkuu kwa saini.