Siku Moja Maishani Mwangu: Redio ya CB ya Mzee wa Kikwajuni

Saa mbili asubuhi

Nilipofungua karakana yangu hapa Mlandege, mjini Unguja, kazi ya siku ilikuwa tayari juu ya meza: redio ya mezani ya CB, ile ya mawasiliano ya raia katika masafa ya megahezi 27, iliyoletwa jana magharibi na mzee mmoja wa Kikwajuni. Aliirithi kwa kaka yake, baharia aliyeishi Marekani kwa miaka mingi na kurudi nayo. Maelezo ya mzee yalikuwa mafupi: kwanza ilianza kuunguruma, kisha sauti ikafifia, na mwisho ikawa kila ikiwashwa inaunguza fyuzi.

Redio ya namna hii siichomeki kwenye umeme ili nione itafanya nini. Nilianza kwa kusoma kibao cha nyuma, kilichoandikwa volti 120 na hezi 60, hezi zikiwa ni idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde. Kwa kuwa ina chaneli 40, nilijua pia kwamba haikuuzwa kabla ya 1977, maana mpaka mwisho wa 1976 redio za CB za Marekani zilikuwa na chaneli 23 tu.

Wengi hushughulika na volti na kuisahau hezi. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50, na transfoma ya kushushia huitatua ile ya kwanza bila kuigusa ya pili. Mzigo unaobebwa na chuma cha transfoma hufuata volti zikigawanywa kwa hezi: 120 kwa 60 ni 2, lakini 120 kwa 50 ni 2.4, yaani asilimia 20 zaidi ya kile kilichokusudiwa. Transfoma itafanya kazi, ila itachemka, na katika joto la kaskazi ndani ya chumba chenye bati hilo si jambo la kupuuzwa. Ukiipa volti 100 kwa hezi 50, unarudi kwenye 2 kamili. Bahati nzuri hapa Unguja transfoma za kushushia hadi volti 100 hazina shida, kwa kuwa vyombo vingi vilivyotumika huingia kutoka Japani, ambako umeme wa majumbani ni volti 100.

Saa tatu na nusu

Nilifungua skrubu za mfuniko. Ndani kulikuwa na vumbi lililoshikana kwa unyevu wa chumvi, na karibu na spika mayai mawili ya mjusi, makavu, yamegandia kwenye ubati. Fyuzi ilikuwa imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Aliyefanya hivyo alitaka redio iwake kwa gharama yoyote, na gharama hiyo ingeweza kuwa nyumba.

Niliinamisha taa nikatazama kwa kioo cha kukuzia. Chini ya kapasita kubwa ya kuchujia umeme palikuwa na gundi ambayo viwandani huwekwa ili kifaa kisitikisike. Ikiwa mpya huwa na rangi ya krimu; hii ilikuwa imegeuka kahawia iliyoiva, na mguu wa rezista uliopita ndani yake ulikuwa umeliwa hadi ukawa mwembamba kama uzi. Gundi hiyo ikizeeka hula chuma na huanza kupitisha umeme mahali pasipotakiwa. Niliikwangua yote kwa kijiti cha mwanzi, nikasafisha kwa spiriti na brashi laini, nikabadilisha rezista ile. Kazi hiyo ilinichukua muda mrefu kuliko nyingine yoyote ya siku hii, na siamini kwamba ulipotea.

Saa tano

Niliweka fyuzi ya kipimo kinachotakiwa, kisha nikapitisha umeme kwenye balbu ya zamani ya wati 60, ile ya waya wa ndani, iliyofungwa kwa mfululizo na redio. Redio ikiwa na hitilafu ya umeme kugusana, balbu huwaka kwa nguvu na kuubeba mzigo wote. Ikiwa salama, balbu huwaka kidogo na kufifia. Iliwaka kama ya barazani. Nilizima, nikatenganisha waya zinazotoka upande wa pili wa transfoma, nikawasha tena, na balbu ikafifia. Transfoma ilikuwa nzima, basi, na adui yuko mbele yake.

Mita ilimwonesha upesi: dayodi moja kati ya nne zinazogeuza umeme wa mawimbi kuwa umeme wa mkondo mmoja ilikuwa ikipitisha pande zote mbili. Nilibadilisha zote nne, kwa sababu tatu zilizobaki zilikuwa zimepitia mateso yaleyale. Kapasita ya mikrofaradi 4,700 nayo niliing'oa. Nilipata mbadala wa volti 35 unaostahimili nyuzi joto 105, miongoni mwa vile ninavyoagiza Kariakoo ya Dar es Salaam na kupokea bandarini Malindi. Volti 25 zingetosha, lakini sijawahi kuona kapasita ikilalamika kwa kupewa nafasi.

Adhuhuri nilifunga mlango, nikaswali, nikala wali kwa mchuzi wa changu, nikarudi.

Saa nane mchana

Redio iliwaka kwa utulivu. Volti zilizodhibitiwa zilisimama kwenye 13.8, na ule mngurumo wa hezi 100, ambao ni alama ya kapasita iliyokauka, haukusikika tena. Hata hivyo spika ilikuwa kimya kabisa. Hapo ndipo fundi asiyezijua redio hizi huanza kufungua koili, zile nyaya zilizoviringwa ambazo huzungushwa vichwa ili kurekebisha masafa. Katika redio nyingi za CB za zamani waya wa spika hupita kwenye maikrofoni, ili spika izimwe mtu anapozungumza; maikrofoni isipochomekwa, au waya wake ukikatika, hakuna sauti. Waya wa maikrofoni hii, ule uliojikunja kama chemchemi, ulikuwa umekatika karibu na plagi. Niliupunguza kidogo, nikaulehemu upya, na mvumo wa hewani ukajaza chumba.

Swichi ya kuchagulia chaneli ilikuwa ikirukaruka kwa kutu. Niliinyunyizia dawa ya kusafishia viunganishi na kuizungusha huku na huko mpaka ikatulia, nikafanya vivyo hivyo kwa kitufe cha sauti. Kisha nilipima kristali ya megahezi 10.240, ambayo ndiyo kipimo cha masafa yote: redio huigawanya kwa 1,024 ili kupata kilohezi 10, ambazo ndizo hatua ya kawaida kati ya chaneli na chaneli. Ilikuwa mahali pake. Chaneli ya 1 ilisoma megahezi 26.965 na ya 40 ikasoma 27.405. Anayepima moja moja asishtuke akifika katikati, kwani chaneli ya 23 iko 27.255, ilhali ya 24 iko chini yake, 27.235, na ya 25 iko 27.245. Mpangilio huo ulitokana na kuongeza chaneli mpya bila kuzihamisha za zamani, na umewahi kuwafanya watu waharibu redio nzima wakitafuta ugonjwa usiokuwapo.

Saa kumi alasiri

Kurusha sauti hewani kunahitaji kibali cha mamlaka ya mawasiliano, kwa hiyo karakana yangu haina antena ya kurushia. Nilifunga mzigo bandia wa omu 50, yaani rezista inayopokea nguvu badala ya antena, nikabonyeza maikrofoni. Kiwango halali cha kurusha kwa AM, yaani kwa kubadilisha ukubwa wa wimbi, kwa redio hizi Marekani ni wati 4, na wati 4 kwenye omu 50 ni takriban volti 14.1. Nilipata 8.7, yaani wati moja na nusu hivi.

Koili zilikuwa pale, vichwa vyake vya feraiti vikinitazama, na kimoja kilikuwa na ufa ulioachwa na bisibisi ya chuma ya mtu mwingine. Sikuvigusa. Redio iliyotoka kiwandani ikiwa sawa haipotezi nguvu kwa sababu koili zimejizungusha zenyewe. Niligeuza bodi, nikafuata njia ya kurushia kwa kioo, nikakuta pete nyembamba nyeusi kuzunguka mguu wa soketi ya antena, pale ambapo risasi ya kulehemia ilikuwa imeachana na shaba. Niliilehemu upya. Mita ikapanda hadi 14 kasoro kidogo, nami nikairidhia.

Nikiwa bado nimebonyeza, nilipima umeme kabla ya kidhibiti, nikiwa natumia volti 100 za kuingilia. Ulishuka hadi volti 16, na kidhibiti kikaendelea kutoa 13.8 bila kuyumba. Hapakuwa na sababu ya kuipa zaidi.

Saa kumi na moja na nusu

Mzee alifika akiwa na bakora yake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Imepona?"

Nilimwashia. Nilikuwa nimechomeka waya wa meta 2.75, robo ya wimbi la masafa haya, kwa ajili ya kusikiliza tu, na jua likielekea kutua zilisikika sauti za mbali zikija na kupotea, kwa lugha ambayo sote wawili hatukuielewa. Aliuliza kama sasa anaweza kuifunga antena juu ya paa azungumze na wenziwe wa zamani. Nilimweleza habari ya kibali, nikamwambia pia kwamba antena isiyolingana na omu 50 ingeweza kuiunguza transista ya mwisho, ile inayosukuma nguvu kwenye antena, hivyo asibonyeze maikrofoni kabla sijaenda kuipima.

"Na umeme? Ile transfoma niliyokuwa nayo ilikuwa ikinuka."

Nikamwambia aiweke kando, atafute ya volti 100. Alifikiri kidogo, akasema anayo moja uvunguni, iliyokuja na redio kaseti ya Kijapani. Nilimwomba ailete kesho niisome kibao: ikiwa ni ya wati 100 au zaidi, tumemaliza.